Dipoziti ya Duka ni Mtaji Wako: Jinsi ya Kuidai Unapohama

Somo la leo linahusu pesa ambayo wengi huitoa, huisahau, halafu huikumbuka siku ya kuhama: dipoziti ya duka au stoo.

Unaweza kuwa unauza kila kitu kwa simu. Picha ziko Instagram, oda zinaingia WhatsApp, malipo yanakuja kwa M-Pesa. Lakini mzigo lazima ulale mahali. Kwa hivyo una kachumba fulani Nairobi, Nakuru, Mombasa au Kisumu, na siku ya kuingia ulilipa kodi ya mwezi wa kwanza pamoja na dipoziti.

Tufanye hesabu kwanza, ndiyo uone kwa nini jambo hili si dogo. Tuseme kodi ni shilingi 12,000. Dipoziti ni ya miezi miwili, yaani 24,000. Stima na maji umeambiwa uweke 3,000. Jumla 27,000 iko kwa mtu mwingine. Kama unauza viatu vya mitumba na kila pea unainunua 450, hizo ni pea 60 ambazo hazipo kwenye rafu yako. Ukiuza kila pea 800, faida iliyolala hapo ni 21,000 kabla ya kutoa gharama ya kupeleka mzigo. Na hiyo ni mara moja tu ya kuzungusha stoki.

Sasa sikiliza vizuri. Watu wengi hufikiri vita ya dipoziti hupiganwa siku ya kutoka. Hapana. Siku ya kutoka ni siku ya kusoma matokeo. Kiasi utakachorudishiwa kinategemea ulichoandika, ulichopiga picha na ulichokubaliana siku ya kuingia. Kenya haina sheria moja inayomwambia kila landilodi arudishe dipoziti baada ya siku fulani, wala hatulazimishi pesa hizo ziwekwe kwa mfuko maalumu. Makubaliano yenu ndiyo yanayobeba uzito. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na dipoziti ni mali.

Twende hatua kwa hatua.

1. JUA PESA ULIYOTOA INAITWAJE

Hapa ndipo watu huumia bila kujua. Siku ya kuingia unaambiwa "leta elfu sitini", unatuma, unapewa funguo. Lakini ndani ya hiyo elfu sitini kunaweza kuwa na pesa za aina nne, na kila moja ina sheria yake.

Kodi ya mbele. Hii ni kodi ya kawaida, ila umelipa mapema. Ukishakaa huo mwezi, imeisha. Hairudi.

Dipoziti. Hii ni yako bado. Landilodi ameishika kama dhamana, ili ukiondoka ukiwa na deni au ukiwa umeharibu kitu, awe na pa kujilipa. Ukitoka salama, inarudi.

Gudiwili. Wale wa maduka madogo ya katikati ya Nairobi, yale yamegawanywa kwa mbao na vioo na tunayaita eksibisheni, mnaijua hii vizuri. Ni pesa ya kupata nafasi. Kwa kawaida hairudishwi na landilodi. Mara nyingi mtu hupata kitu chake anapoondoka kwa kumwachia mpangaji mpya nafasi hiyo kwa bei wanayoelewana, na hilo nalo linategemea kama mwenye jengo anakubali. Ukichanganya gudiwili na dipoziti, siku ya kutoka utadai kitu ambacho mwenzako anajua hakuwahi kukuahidi.

Ada ya wakala au ya kuandika mkataba. Hii ni malipo ya kazi. Hairudi.

Kwa hivyo kabla hujatuma hata shilingi, uliza: "Katika hii pesa, ngapi ni dipoziti inayorudi?" Kisha jibu liandikwe kwenye risiti. Risiti iliyoandikwa "malipo ya duka 60,000" haikusaidii kitu. Risiti iliyoandikwa "kodi ya Machi 20,000, dipoziti ya kurudishwa 40,000" ni silaha.

2. NANI HASA AMESHIKA PESA?

Kuna watu wanne wanaoweza kupokea dipoziti yako: landilodi mwenyewe, wakala au kampuni inayomsimamia, keateka wa jengo, au mpangaji mwingine aliyekukodishia sehemu ya nafasi yake.

Huyo wa mwisho mwangalie sana. Mtu amekodi duka kubwa, akaligawanya mara sita, kila mtu akamlipa dipoziti. Yeye ndiye mwenye makubaliano na landilodi, wewe humjui mwenye jengo na yeye hakujui. Siku jamaa akifungiwa kwa deni la kodi, mzigo wako uko ndani na dipoziti yako iko kwake. Ukienda kwa mwenye jengo atakuambia hakuwahi kupokea pesa yako, na atakuwa anasema kweli.

Kama umekodishiwa na mpangaji, omba mambo mawili. Kwanza, uone kwa macho kwamba mwenye jengo anakubali nafasi hiyo igawanywe. Ujumbe wa WhatsApp kutoka kwake unatosha kuliko maneno matupu. Pili, uandikishane na huyo mpangaji kwa jina lake kamili na namba ya kitambulisho, kwa sababu ndiye utakayemdai.

Kuhusu keateka: yeye ni mfanyakazi. Leo yuko, kesho ameachishwa kazi. Usitume dipoziti kwa simu yake isipokuwa landilodi amekuandikia kwamba utume hapo. Ukituma kwa namba ya malipo ya landilodi au akaunti yake ya benki, jina lake linabaki kwenye rekodi.

Na ukisikia jengo limeuzwa au limebadilisha kampuni ya usimamizi, usikae kimya. Muandikie mwenye jengo mpya wiki hiyo hiyo: "Mimi ni mpangaji wa duka namba fulani, nililipa dipoziti ya 24,000 tarehe fulani, naambatanisha risiti. Tafadhali thibitisha kwamba umeipokea kutoka kwa aliyekuuzia." Ukingoja mpaka siku ya kuhama, utarushwa kama mpira kati ya mwenye zamani na mwenye mpya.

3. LANDILODI HUHESABU VIPI?

Tuwe wa haki. Landilodi naye ameshaona mambo. Ameshaamka akakuta mpangaji amehama usiku, ameacha bili ya maji, soketi zimeng'olewa na mlango umevunjwa. Ndiyo maana anashika dipoziti. Kwa hivyo anapokata pesa, hana makosa kila mara. Swali ni amekata nini na kwa msingi gani.

Kwa kawaida makato huwa kwenye mafungu matano:

Kodi unayodaiwa. Hii haina mjadala. Kama una deni, litakatwa.

Bili. Stima, maji, takataka, ulinzi. Hapa mita ndiyo shahidi. Kama hukusoma mita siku ya kuingia na siku ya kutoka, utalipa matumizi ya watu usiowajua.

Uharibifu. Kioo kimevunjika, sinki limepasuka, mlango umetobolewa. Ukiharibu, unalipa. Lakini unalipa gharama ya kurekebisha hicho kitu, si ya kumjengea duka jipya.

Rangi. Hii ndiyo inaleta kelele nyingi zaidi. Mikataba mingi ya kwetu inasema mpangaji anayetoka apake rangi au akatwe pesa ya rangi. Kama mkataba wako unasema hivyo na uliusaini, basi jiandae. Kama hausemi kitu, una nafasi ya kusema kwamba rangi iliyofifia kwa miaka mitatu ni uchakavu wa kawaida. Ukuta huzeeka hata kama hakuna mtu ndani.

Notisi. Ukiondoka bila kutoa notisi mliyokubaliana, landilodi atasema amepoteza mwezi mmoja bila mpangaji, na atajilipa kutoka kwa dipoziti.

Tuchukue mfano. Mama mmoja anauza viatu, dipoziti yake ni 24,000, amekaa miaka mitatu. Mkataba haukusema lolote kuhusu rangi. Anapotoka anapewa karatasi hii:

Rangi: 8,000
Kufuli mpya: 1,500
Maji: 900
Usafi: 2,000
Usumbufu: 3,000
Jumla ya makato: 15,400. Unarudishiwa: 8,600.

Akipokea 8,600 na kwenda zake, imeisha. Lakini akikaa chini na kila mstari, mambo hubadilika. Rangi: ukuta umefifia kwa umri, ila kuna matundu ya misumari ya rafu zake, na fundi anasema kuziba na kupaka hapo tu ni 1,500. Anakubali 1,500. Kufuli: kweli alipoteza funguo moja, analipa 1,500. Maji: mita inasema 900, analipa. Usafi: ana video inayoonyesha sakafu imeoshwa siku ya kukabidhi, hapo hakuna cha kulipa. Usumbufu: uko wapi kwenye mkataba? Haupo. Kwa hivyo makato ya haki ni 3,900 na anarudishiwa 20,100.

Tofauti ni 11,500. Kwa bei yake ya kununua, hizo ni pea 25 za viatu. Na hakupiga kelele wala kumtusi mtu. Ameuliza swali moja tu kwa kila mstari: "Hii imetoka wapi?"

4. MAMBO YANAYOWAKATA WAUZAJI WA MTANDAONI ZAIDI

Sisi tuna makosa yetu ambayo mwenye kinyozi au mwenye duka la dawa pengine hana.

Rafu na misumari. Ukitoboa ukuta mzima kuweka rafu, kila tundu litahesabiwa. Rafu za kusimama sakafuni zinakuokoa na hili. Kama lazima utoboe, omba ruhusa kwa maandishi na uulize: nikitoka, nazitoa au naziacha? Watu wameacha rafu za elfu kumi wakidhani wanamfurahisha landilodi, kumbe naye akawakata pesa ya kuzing'oa.

Rangi ya picha. Unataka ukuta mmoja uwe waridi ili picha za bidhaa zipendeze. Sawa, lakini huo si uchakavu wa kawaida tena, ni wewe umebadilisha. Utalipia kuurudisha. Nunua kitambaa cha kutundika au ubao wa kuegemeza. Ni rahisi zaidi na unahama nao.

Stika za jina la biashara. Zile kubwa za mlango wa kioo, ukizibandua zinaacha gundi. Zitoe mwenyewe mapema, kwa maji ya moto na subira. Usimwachie fundi wa landilodi.

Mzigo uliobanwa ukutani. Maboksi yakikaa miezi sita yameegemea ukuta bila hewa, unyevu unaingia na ukuta unaota ukungu. Acha nafasi ya kiganja kati ya mzigo na ukuta. Hata mzigo wako utashukuru.

Nyumba ya kuishi iliyogeuka stoo. Hii ni kubwa. Umekodi chumba cha kulala, mkataba unasema ni makao, lakini wateja wanakuja kuchukua oda na bodaboda wanapanga foleni getini. Landilodi akitafuta sababu ya kushika dipoziti, umempa mwenyewe. Mwambie mapema kwamba unahifadhi mzigo, na ukubaliwe kwa maandishi. Wengi hukubali kama hakuna vurugu.

5. NOTISI, NA LILE SWALI LA KUKALIA DIPOZITI

Swali linaloulizwa sana: "Si nikae tu mwezi wa mwisho bila kulipa, dipoziti imalizie kodi?"

Naelewa linatoka wapi. Mtu anaogopa kuzungushwa, "njoo Ijumaa, njoo mwisho wa mwezi", kwa hivyo anaona bora aile dipoziti akiwa ndani. Lakini tazama hatari zake. Mikataba mingi inakataza waziwazi. Ukikosa kulipa, wewe ndiye unakuwa na deni, na mzigo wako uko ndani ya jengo la mtu. Sheria ya Kenya ya kukamata mali kwa deni la kodi inampa landilodi njia ya kufuata bidhaa za mpangaji mwenye deni, kupitia dalali aliyesajiliwa. Huwezi kutaka kesi ya kodi wakati una maboksi ya wateja waliokwisha lipa.

Njia safi ni kumuomba. Mwandikie: "Naomba dipoziti ya mwezi mmoja itumike kama kodi ya mwezi wa mwisho, na ile iliyobaki tuhesabu baada ya ukaguzi." Wako malandilodi wanaokubali, kwa sababu hata wao hawapendi kutafuta pesa taslimu ya kurudisha. Akikubali kwa maandishi, uko sawa. Akikataa, lipa kodi yako na ujiandae kudai dipoziti nzima ukiwa huna doa.

Kuhusu notisi yenyewe: soma mkataba. Nyumba nyingi za kuishi husema mwezi mmoja, maduka mengine husema miwili au mitatu. Toa kwa maandishi, weka tarehe ya kutuma na tarehe ya kutoka, na uhakikishe amejibu. Kumwambia keateka pale kwenye ngazi si notisi.

6. SIKU YA KUINGIA NA SIKU YA KUKABIDHI FUNGUO

Siku ya kuingia, kabla mzigo haujapakuliwa, chukua dakika kumi. Piga video moja bila kukata, anzia mlangoni, zunguka kuta zote, sakafu, dari, soketi, bomba, madirisha. Sema tarehe kwa sauti. Karibia kila ufa na kila doa. Piga picha ya mita ya stima na ya maji, namba zionekane. Kisha mtumie landilodi video hiyo na ujumbe mfupi: "Hii ndiyo hali ya duka leo nikiingia." Ukiituma kwake, tarehe inabaki kwa simu zenu wote wawili.

Siku ya kutoka unafanya vile vile, lakini na mtu wa upande wake akiwepo. Mpangilio ni huu:

Toa mzigo wote kwanza. Duka lenye maboksi haliwezi kukaguliwa.

Ziba matundu, badilisha balbu zilizoungua, osha sakafu. Kazi ndogo ukifanyiwa na fundi wako ni mia chache. Ikifanywa na fundi wa mwingine, bili yake hukuiona ikiandikwa.

Zungukeni pamoja na muandike kila kasoro kwenye karatasi moja. Mnayokubaliana, mnaandika. Msiyokubaliana, mnaandika pia kwamba hamkukubaliana.

Someni mita, mpige picha.

Kabidhi funguo zote kwa hesabu, na upate sahihi: "Nimepokea funguo 3 za duka namba fulani, tarehe fulani." Bila hii, landilodi anaweza kusema bado ulikuwa na duka, na mwezi mwingine wa kodi unaanza kuhesabiwa.

Usisaini karatasi iliyoandikwa "sina madai yoyote" kabla pesa haijaingia kwa simu yako. Watu husaini kwa haraka ya gari la kuhamisha linalongoja. Gari likungoje dakika tano.

7. JINSI YA KUDAI BILA KUGOMBANA

Usimpigie simu kila siku. Simu haiachi alama. Andika ujumbe mmoja ulio kamili. Unaweza kuazima huu:

"Habari yako mzee. Mimi ni mpangaji wako wa duka namba 14. Nilikabidhi funguo tarehe 30 Juni na keateka akasaini. Dipoziti niliyolipa ni shilingi 24,000, risiti iko hapa chini. Kwenye ukaguzi tulikubaliana makato ya 3,900. Kiasi kinachobaki ni 20,100. Naomba kitumwe kwa namba yangu hii kufikia tarehe 14 Julai. Kama kuna kato lingine, tafadhali nitumie orodha na risiti za fundi tulizungumze. Asante kwa muda wote niliokaa kwako."

Angalia kilichomo. Kuna namba ya duka, tarehe, kiasi, hesabu, siku ya mwisho na mlango wa mazungumzo. Hakuna kitisho. Kama landilodi ni mama mtu mzima, mwite mama, umsalimie vizuri. Heshima haipunguzi deni, na mtu aliyeheshimiwa hulipa haraka kuliko aliyetukanwa kwenye kikundi cha wapangaji.

Akisema "ngoja nipate mpangaji mpya ndiyo nikulipe", hilo ni jambo la kawaida sana, kwa sababu wengi walishaitumia dipoziti yako zamani. Usikatae tu, geuza iwe ahadi: "Sawa mzee, naomba basi nusu Ijumaa hii na nusu tarehe 30, unithibitishie hapa." Kulipwa kwa awamu mbili zenye tarehe ni bora kuliko ahadi nzima isiyo na tarehe.

8. AKIKATAA KABISA

Kwanza mpe barua ya madai. Ni ule ujumbe wako ukiwa rasmi zaidi, wenye siku za mwisho na sentensi inayosema kwamba zikipita utaenda mbele. Wengi hulipa hapo.

Akiendelea kunyamaza, jua milango iliyopo Kenya.

Kwa maduka kuna sheria ya wapangaji wa maduka, hoteli na sehemu za chakula, Sura ya 301. Inawalinda hasa wale ambao hawana mkataba wa maandishi, au wana mkataba usiozidi miaka 5. Wengi wetu tuko hapo. Migogoro yao husikizwa na Baraza la Kodi ya Majengo ya Biashara, ambalo watu huliita BPRT. Sheria hiyo pia inasema landilodi anayetaka kukutoa lazima akupe notisi ya maandishi kwa fomu iliyowekwa, na isianze kufanya kazi kabla ya miezi 2 kupita. Kwa hivyo yule anayekuambia "toka kesho na dipoziti usahau" anaruka hatua.

Mlango wa pili ni Mahakama ya Madai Madogo. Iliundwa kwa sheria ya mwaka 2016 na ikaanza kazi Milimani, Nairobi, mwaka 2021. Inasikiza madai ya pesa yasiyozidi shilingi milioni 1, ikiwemo pesa yako iliyoshikiliwa na mtu. Sheria inataka kesi imalizwe ndani ya siku 60. Unaweza kujisimamia bila wakili, na Kiswahili kinatumika. Haifungwi sana na kanuni ngumu za ushahidi, kwa hivyo zile risiti, taarifa ya M-Pesa na ujumbe wa WhatsApp ulizotunza zina kazi.

Ipi kati ya hizo inakufaa inategemea aina ya nafasi na mkataba wako, kwa hivyo uliza kwenye dawati la mahakama kabla ya kulipa ada ya kufungua kesi. Kuuliza si ujinga. Na usidhani umechelewa kwa sababu ulihama mwaka jana. Madai ya makubaliano kwa kawaida yana miaka 6 kabla ya kufungiwa mlango.

Lakini piga hesabu kama mfanyabiashara. Kama mnabishania 2,000, siku mbili za kufunga duka kwenda mahakamani zimekula zaidi ya hapo. Heri nusu shari kuliko shari kamili. Kama ni 20,000 au 40,000 na una karatasi zako, hiyo ni stoki, idai.

9. DIPOZITI KWENYE DAFTARI LAKO

Jambo la mwisho, na ndilo linafunga biashara za watu kimyakimya.

Usiandike dipoziti kama matumizi. Iandike kwenye ukurasa wa pesa unazowadai watu, pamoja na wateja wa mkopo. Andika nani, kiasi, tarehe, risiti iko wapi. Kila Januari ukipitia daftari, ipitie pia.

Halafu usipange kuhama kwa kutumia dipoziti ya duka la zamani. Tuseme unahamia duka la kodi 15,000. Utahitaji dipoziti ya miezi miwili 30,000 na kodi ya kwanza 15,000, jumla 45,000, kabla hujaingiza boksi moja. Ile 24,000 ya zamani haitarudi siku hiyo. Pengine itarudi baada ya mwezi, na pengine ikiwa imekatwa. Mtu asiyejua hili huchukua pesa ya stoki kujaza pengo. Anaingia duka zuri lenye rafu tupu, wateja wanauliza saizi hazipo, na kabla dipoziti ya zamani haijarudi kodi mpya imefika. Biashara haikufa kwa kukosa wateja. Ilikufa kwa pesa iliyokuwa mahali pengine kwa wiki sita.

Kwa hivyo ukianza kuwaza kuhama, anza kuweka kando pesa ya kuingia miezi mitatu au minne kabla. Dipoziti ya zamani ikirudi, ndiyo irudi kwenye stoki.

KAZI YA LEO

Hata kama huhami mwaka huu, fanya haya kabla ya kulala:

Tafuta risiti ya dipoziti. Kama huna, bonyeza *334# au fungua programu ya M-Pesa na uombe taarifa ya mwezi uliolipa, uihifadhi.

Mtumie landilodi ujumbe wa kuthibitisha: "Mzee, naweka rekodi zangu sawa. Dipoziti yangu ni 24,000, ni sawa?" Akijibu "ndiyo", umepata risiti.

Soma sehemu ya rangi na ya notisi kwenye mkataba. Kama huna mkataba, andika mliyokubaliana kwa mdomo na umtumie.

Piga video ya duka lilivyo leo. Umechelewa kuliko siku ya kuingia, lakini umewahi kuliko siku ya kutoka.

Hifadhi vyote mahali pamoja, si kwenye simu moja tu inayoweza kuibiwa kwenye matatu. Jitumie kwa barua pepe.

Hifadhi somo hili, na umtumie mwenzako anayetafuta duka wiki hii. Yeye ndiye atakayelihitaji zaidi, kwa sababu bado hajatuma pesa.